Harusi isubiri, mtoto wa Buyenzi ana miezi 6

Mtoto wa jirani yetu hapa Rumonge alitokwa na vipele vya surua baada ya kucheza na mjukuu wangu juma zima, wakila sahani moja ya ndagala. Juma lililofuata tulikuwa na harusi Buyenzi, Bujumbura. Wifi yangu akanipigia: “Dada, mtoto si mzima? Njooni tu.”

Mzima, ndiyo. Lakini surua hujificha mwilini takriban siku 10 kabla ya homa, na mtoto huanza kuambukiza siku 4 kabla ya vipele, wakati kila mtu anadhani ni mafua. Ndani ya teksi ya Bujumbura tunabanana tukipumuliana. Virusi hivyo hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kushuka.

Na kule Buyenzi kuna kitoto cha miezi 6. Chanjo ya kwanza ya surua Burundi hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, ya pili akifikisha miezi 18. Kitoto hicho kinategemea busara yetu tu.

Kwa hiyo sikwenda. Nimetuma dumu la mawese na mchango wangu. Wapo walionuna, lakini wazee wa familia ndio wanaopaswa kusema wazi kwamba kukosa harusi kwa sababu hii ni heshima. Na wauguzi wetu, wanapomwona mtoto mwenye surua, wamuulize mama nani alicheza naye na nani ana safari. Asiyechanjwa akiwahi kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu akutane na mgonjwa, chanjo bado inaweza kumkinga.