Kitabu si Papa wa Kuuzwa Vipande

Iko biashara moja ambayo mimi siikubali hata kidogo: kukatakata vitabu vikubwa vya michoro ya kale na kuuza kurasa moja moja zitiwe fremu. Muuzaji hupata wateja wengi badala ya mmoja, na hiyo ndiyo hoja yake yote.

Chukua kitabu cha Charles Percier na Pierre Fontaine, wasanifu majengo wa Paris waliomfanyia kazi Napoleon. Walianza kukitoa kwa mafungu mwaka 1801, kikakamilika mwaka 1812 kikiwa na michoro 72. Mna vitanda, viti, meza, kuta na dari, vyote kwa mtindo wa Wayunani na Warumi wa kale, na humo humo utakuta mapambo ya Kimisri. (Misri hiyo, ndugu msomaji, ndiyo ile aliyoivamia Napoleon mwaka 1798.) Michoro imechongwa juu ya mabamba ya shaba kwa mistari mitupu, bila vivuli, hata kila umbo laonekana waziwazi.

Basi tazama walivyoshikilia wenyewe katika dibaji yao: kwamba samani zimefungamana mno na mapambo ya ndani, hata msanifu hawezi kuzipuuza. Chumba kizima chaonyeshwa, kisha vyombo vyake vyachorwa kando kwa urefu na upana, na maelezo ya kila mchoro yamewekwa pamoja kwa kufuata nambari. Ukiung'oa mmoja, wabakiwa na kiti kisicho na chumba, na nambari isiyo na maelezo.

Wako wasemao kwamba ni heri picha ionekane ukutani kuliko kufungiwa kabatini. Kwa nakala iliyokwisha kuliwa na wadudu, sina neno. Lakini nakala nzima! Sisi wa mwambao tumeona milango ya nakshi iking'olewa na kuuzwa mbali. Mlango ni mzuri vile vile huko uliko, lakini nyumba je?

Wala anayependa picha hakosi njia. Kitabu hiki kimekwisha kuchapishwa upya, na nakala hizo mpya mtu aweza kuzikata apendavyo na kupamba sebule yake. Naye anayeletewa ukurasa wa zamani dukani, kabla hajatoa pesa, amwulize muuzaji ziko wapi zile 71 nyingine.