Choo cha dragi kikiziba, mto si shimo la uchafu

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu na glavu. Leo tuseme juu ya choo. Wengine watacheka. Lakini aliyekwisha kulala juu ya dragi ya dhahabu katika mto Aruwimi, choo kimeziba na wenzake wanangojea mlangoni, huyo hacheki.

Choo cha dragi au cha boti si kama choo cha shimo cha nyumbani. Uchafu hupita katika bomba jembamba lenye kona, ndipo unaingia tankini. Basi kitiwe humo kile tu kilichopita tumboni, na karatasi laini kidogo. Kitambaa, pedi, kipande cha sigara, mabaki ya sombe na mifupa ya samaki, mahali pake ni ndoo yenye kifuniko.

La pili ni maji. Mtu hupiga pompa mara mbili, anaona bakuli ni safi, anakwenda zake. Kumbe uchafu umebaki katikati ya bomba na unakauka. Piga pompa mpaka ufike tankini. Tanki likikosa maji, uchafu hujikusanya chini kama kichuguu, kwa hiyo lisuuzwe kila linapomwagwa. Bomba la hewa la tanki nalo liangaliwe: likiziba, pompa huwa nzito na harufu hurudi ndani.

Na kikiziba hata hivyo? Usichanganye asidi na maji ya javeli, maana huzaa gesi ya sumu. Tena usiingie tankini hata kidogo. Sisi watu wa migodi tunajua hewa mbaya. Gesi ya tanki hunuka kama yai bovu, lakini ikiwa nyingi pua huacha kuisikia. Unadhani imekwisha, kumbe ndiyo inakuua, na ndugu anayeruka kukuokoa anaanguka juu yako.

Iko njia fupi ambayo wengine huisifu: kukata bomba na kulielekeza mtoni. Mimi nasema huo si ufundi. Maji ya Aruwimi yakitoka Banalia yanashuka mpaka Basoko, yanaingia mto Kongo, na njiani akina mama wanateka ya kunywa. Mwaka 2011 kipindupindu kilishuka na mto kutoka Kisangani mpaka Kinshasa. Uchafu unaoutupa asubuhi, mtoto wa mwenzako anaukuta katika kikombe.

Watu watauliza: tumwage wapi, na gari la kunyonya uchafu halipo? Pachimbwe shimo nchi kavu, mbali na maji na visima, mahali ambapo mto ukifurika haufiki. Hapo wakuu wa vyombo wasikwepe: shimo, ndoo na vipuri vya pompa ni vyombo vya usalama sawasawa na kofia. Kumwachia mfagiaji peke yake si haki, kwa sababu choo ni cha wote.

Mfanyakazi mwema hujulikana hata chooni. Kabla ya kutoka, geuka uangalie: je, anayekuja nyuma yako atakushukuru?