Mtoto wa Skuli ya Binafsi Asiwe Mgeni Msikitini

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wasomaji, vyuo vyetu vya Qur-ani hapa Unguja kwa miaka mingi vimepanga saa zake kwa kufuata skuli za Serikali. Mtoto aliye zamu ya asubuhi huja chuoni jioni, na wa zamu ya mchana huja asubuhi. Mtoto wa skuli ya binafsi hana nafasi katika hesabu hiyo. Gari humchukua alfajiri, likazunguka Fuoni, Mwanakwerekwe na Amani kuwakusanya wenziwe, na humrejesha Alasiri ikiwa imeshapita. Bado anasubiriwa na tuisheni na kazi za nyumbani.

Wazee wetu wanaikumbuka tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alipotangaza elimu bila malipo. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtoto wa mvuvi na wa mfanyabiashara walikaa dawati moja, wakatoka pamoja, wakaenda chuoni pamoja. Leo watoto wa mtaa mmoja, pengine wa ukoo mmoja, hutengana tokea chekechea: huyu anasomeshwa kwa Kiswahili, yule kwa Kiingereza. Hatuwalaumu wazazi. Kutafuta elimu ni wajibu, na wengi hujinyima ili walipe ada. Lakini tumewahi kuwauliza watoto wenyewe wanayaonaje maisha hayo?

Sisi hatukuuliza, na tukakosea. Katika darsa moja ya Ramadhani tulimtaka kijana wa miaka kumi na tano, anayesoma skuli ya binafsi, asome aya chache. Alisitasita. Wadogo zake wa chuoni wakacheka. Badala ya kuwakanya, sisi tunaoandika safu hii tulisema mbele ya watu kwamba Kiingereza kimemla mtoto. Tokea usiku ule hakuonekana tena.

Baada ya Idi tulikwenda kwao, huko nyuma ya Darajani, kumtaka radhi. Alikuwa amekaa barazani na bibi yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Maalim, skuli nikikosea neno la Kiingereza, nachekwa. Mtaani nikichanganya maneno, naitwa mzungu. Nilidhani msikitini sitachekwa."

Bibi yake akatueleza kuwa mama wa kijana aliuza bangili zake kwa ajili ya ada ya mwaka ule. Kijana analijua hilo. Kila mtihani anaufanya akiziona bangili zile, na hathubutu kumwambia mama yake kuwa amechoka.

Tulirudi kwenye kamati na maneno hayo. Tumeongeza darasa baada ya Isha kwa siku mbili za wiki, na jengine asubuhi ya Jumamosi. Waalimu wameagizwa kumsikiliza kila mwanafunzi peke yake mpaka ulimi wake uzoee. Kijana wetu amerejea. Yumo katika Juzuu Amma, anakwenda polepole, na hakuna anayecheka.

Wazazi wenzetu, mnapochagua skuli, msiulize ada na matokeo ya mitihani tu. Ulizeni mtoto ataswali wapi Adhuhuri, atafika nyumbani saa ngapi, na atasoma Qur-ani lini. Siku za mapumziko mpelekeni shamba kwa jamaa zake, acheze na binamu zake na azungumze Kiswahili cha bibi yake bila ya kusahihishwa kila neno. Na mkishalipa ada, msimhesabie mtoto kila shilingi. Deni hilo ni zito kwa mabega madogo.

Nasi tulio misikitini tuna sehemu yetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto aliyefika mlangoni mwa msikiti akiwa amechoka, na ulimi wake mzito, naye ni katika tuliokabidhiwa. Tukimcheka, tutajibu nini?

Tunamuomba Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi subira ya kuwapokea. Amin.