Mashine ya Stika Inapochana Badala ya Kukata



Mwezi huu tunazungumzia mashine ya kukata stika. Huenda wengine mtauliza, gazeti la familia na mashine wapi na wapi? Lakini siku hizi vikundi vyetu havifugi kuku na kushona sare tu. Fulana za kwaya, maandishi ya kipaimara, mapambo ya ukumbi wa harusi, stika za vioo vya daladala: hizo nazo ni kazi zinazolisha nyumba, iwe hapa Masama, Bomang'ombe au Moshi mjini. Mashine ndogo inakaa juu ya meza ya kulia chakula, na mama anaweza kuifanyia kazi mtoto akiwa amelala.

Shida ni kwamba mara nyingi mashine hiyo hununuliwa kwa mkopo wa kikundi. Siku inapoanza kutoa herufi zenye kingo zilizochanika kama jani la mgomba lililopigwa na upepo, au herufi ambazo hazikukatika mpaka mwisho, kila mita ya vinili inayotupwa ni fedha ya marejesho. Oda nazo huja kwa wingi kuelekea Desemba, ndugu wanaporudi Uchagani kwa Krismasi, ubatizo na harusi. Mama aliyeandikisha mkopo kwa jina lake, na mumewe alikuwa na mashaka tangu mwanzo, hapati usingizi. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa utaratibu.

Neno letu kubwa ni hili: usikimbilie kuongeza nguvu ya kukandamiza. Sisi tunaohudumia wagonjwa tumefundishwa kwamba homa ni dalili, na kabla ya kuongeza dawa ni lazima umpime mgonjwa. Na mashine ni vivyo hivyo.

Kwanza, elewa inavyofanya kazi. Vinili ya stika ina tabaka mbili: ngozi ya plastiki yenye gundi, na karatasi ya nyuma. Kisu kinatakiwa kukata ngozi na kuigusa karatasi kidogo tu, bila kuitoboa. Ngozi hiyo kwa stika za kawaida haizidi sana milimita 0.1, kwa hiyo kosa dogo la kipimo linaonekana mara moja. Tena kisu hakikukazwa kama wembe. Kinazunguka chenyewe ndani ya kishikio chake, kama gurudumu la kitanda cha wagonjwa linavyogeuka kufuata njia unakosukuma. Sasa kagua hatua kwa hatua, ukianza na yale yasiyo na gharama.

1. Usafi. Zima mashine, toa kishikio, kisha toa kisu taratibu. Mara nyingi utakuta kipande kidogo cha vinili au gundi imenasa ndani. Kisu kilichonasa hakigeuki, na kisipogeuka kinachana kila kinapofika kwenye kona. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, rudisha, na hakikisha kinazunguka bila kukwama.

2. Ncha. Itazame kwa kioo cha kukuzia penye mwanga mzuri. Ncha ikimeguka hata kidogo, kingo za herufi huwa na meno. Kisu kibutu nacho huiburuta vinili na kuikunja. Usijaribu kukinoa kwa jiwe, weka kipya.

3. Urefu wa kisu. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kisu kikitokeza mno, kinatoboa karatasi ya nyuma, kinachora mfereji chini yake, na ncha huvunjika upesi. Kikiwa kifupi mno, kichwa cha kishikio hugusa vinili kabla kisu hakijafika chini. Hapo hata ukiongeza nguvu mara mbili haitakata, maana nguvu yote inabebwa na kishikio. Shika kishikio kwa mkono, kata mstari kwenye kipande cha vinili unayoitumia. Ngozi ikikatika na karatasi ikabaki na alama hafifu, urefu unatosha.

4. Nguvu na mwendo. Sasa ndipo ushike namba za mashine. Anza na nguvu ndogo, kata mraba mmoja wa majaribio, uchambue kwa mkono. Ongeza kidogo kidogo mpaka mraba utoke safi. Kwa herufi ndogo punguza mwendo, maana kisu kinachokimbia hakipati nafasi ya kugeuka vizuri kwenye kona.

5. Ikiwa inakata upande mmoja tu. Tazama utepe mwembamba ulio chini ya njia ya kisu. Ukiwa na mifereji, kisu kinazama humo na vinili haikatiki. Utepe huo hubadilishwa. Tazama pia magurudumu ya mpira yanayobana vinili: ni lazima yakae sawasawa juu ya magurudumu ya chuma yaliyo chini yake.

6. Ikiwa mstari haukutani na mwanzo wake. Pengine vinili inateleza. Ivute kutoka kwenye roli kiasi cha kutosha kazi yote kabla ya kuanza, ili mashine isipambane na uzito wa roli. Kama haitelezi na bado kona zinatoka za mviringo au zina vimkia, angalia kwenye programu kipimo kinachoitwa ofseti. Hicho ni umbali kati ya ncha ya kisu na katikati ya mhimili wake, na kwa visu vingi ni kama milimita 0.25. Kisu cha nyuzi 45 kinafaa kwa stika za kawaida. Cha nyuzi 60 ni kwa vinili nene, kama ile yenye manyoya.

Kwa vinili ya fulana kuna jambo la ziada. Upande wenye plastiki inayong'aa hulala chini, na maandishi hugeuzwa kama yanavyoonekana kwenye kioo. Ukiilaza kinyume, kisu kinakata plastiki ya kubebea, nawe utalaumu mashine isiyo na hatia.

Tusisahau baridi yetu ya Juni na Julai. Vinili hukakamaa kwa baridi na kulegea kwa joto, kwa hiyo vipimo vya Februari vinaweza visifae Julai. Iache roli ipate joto la chumba kwanza, lakini usiisogeze karibu na jiko. Kila unapopata vipimo vizuri, andika kwenye daftari la kikundi: aina ya vinili, urefu wa kisu, nguvu na mwendo. Mwenzako wa zamu ya kesho ataanzia hapo, bila kuharibu mita nyingine.

Mwisho, usalama wa nyumbani. Kisu kilichochakaa kitendee kama sindano iliyotumika: kiweke kwenye kopo gumu lenye kifuniko, mbali na watoto, kamwe usikitupe kwenye shimo la taka ovyo. Mabaki ya vinili nayo usiyawashie moto jikoni. Vinili ni plastiki yenye klorini. Ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayochoma macho na mapafu, pamoja na sumu ziitwazo dioksini. Mtoto mchanga aliye mgongoni mwa mama, au mwenye pumu, ndiye anayeumia kwanza. Nchi yetu iliachana na mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019, lakini mabaki haya bado yamo mikononi mwetu. Yakusanye kwenye mfuko na uyapeleke panapokusanywa taka. Kwa sababu hiyo hiyo, usikubali vinili ikatwe kwa mashine ya leza.

Mama, fungua Mhubiri 10:10, usome habari za chuma kilichokosa makali. Kisha kaeni kikundi, na katika kila oda mtenge fedha kidogo ya visu na utepe kabla ya kugawana faida. Kisu kipya ni nafuu kuliko roli iliyoharibika, na ni nafuu zaidi kuliko amani ya nyumba.

Mungu aibariki kazi ya mikono yenu. Tukutane mwezi ujao.