Kununua Si Kazi, Kazi Kutunza

Wahenga walisema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea." Mimi naomba ruhusa niugeuze usemi huo kidogo, niseme: kununua si kazi, kazi kutunza. Nasema hivi kwa ajili ya vyombo vya nyumbani: jokofu, jiko la gesi, birika la umeme, na mashine ya kufulia nguo. Ukitembea katika nyumba nyingi za wazazi wetu utaona jambo la kusikitisha. Jikoni limesimama jokofu zuri, lakini ukilifungua huoni nyama wala maziwa. Waona sahani, vikombe na mfuko wa sukari. Limekuwa kabati. Mashine ya kufulia nayo imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake imewekwa picha ya arusi. Na mama? Mama yuko uani, ameinamia beseni, anafua kwa mikono yake kama alivyofua kabla ya kuletewa mashine.

Nani aliyevileta vyombo hivyo? Mara nyingi ni ninyi, ndugu zetu mliotutangulia hapa shuleni mkapata kazi na mishahara. Mlifanya vyema, na wazazi waliwabariki. Lakini wengi wenu mlikiteremsha chombo garini, mkakichomeka, mkanywa chai, mkarudi mjini. Hamkumwonyesha mama namna ya kukisafisha, na karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Baada ya mwaka mmoja au miwili chombo kikafa, na watu wakasema, "Vitu vya siku hizi havidumu."

Maoni yangu ni haya: aletaye mashine nyumbani ameleta na kazi yake, na kazi hiyo yatuhusu sisi wavulana sawasawa na dada zetu. Tena sisi wanafunzi ndio tunaofaa hasa kuifanya, maana yale tunayofundishwa darasani ndiyo yanayotakiwa jikoni.

Watu hudhani kwamba mashine huondoa kazi. Sivyo. Huipunguza, na ile inayobaki huifichaficha. Zamani majivu ya mafiga yalionekana na kila mtu, na pasi ya mkaa isipokung'utwa ilichafua shati mara moja. Hata lile jiko la mafuta ya taa la kutia upepo, liitwalo Primus, ambalo Frans Wilhelm Lindqvist alilibuni mjini Stockholm mwaka 1892, lilikuwa na sindano ya kuzibulia tundu lake, na mtoto wa nyumba alijua kuitumia. Lakini uchafu wa vyombo vya leo umejificha nyuma ya jokofu, chini ya mashine, na ndani ya birika. Asiyeelezwa hawezi kuujua.

Natuanze na birika. Mahali penye maji ya kisima, baada ya miezi michache birika la umeme huota ukoko mweupe ndani. Kila mwanafunzi aliyesoma somo la maji magumu anaujua ukoko huo: ni kalisi kaboneti, ndugu yake chaki na chokaa. Haupitishi joto vizuri; kwa hiyo maji hukawia kuchemka, umeme huliwa bure, na chuma cha kuchemshia huungua upesi. Sasa, tumejibu mara ngapi katika mtihani kwamba asidi ikikutana na kaboneti hutoka kaboni dayoksaidi? Siki ni asidi, na ndimu ni asidi. Tia siki na maji nusu kwa nusu, chemsha, uache kama saa moja, kisha umwage. Suuza, uchemshe maji matupu, uyamwage nayo. Birika litang'aa. Mwenye kupata alama nzuri za kemia huku birika la mama yake lina ukoko wa kidole kizima, elimu yake bado imelala daftarini.

Jiko la gesi nalo tumekwisha kulisoma. Katika maabara tuna kichomeo cha Bunsen. Ukiziba tundu la hewa, mwali huwa wa manjano nao hutia masizi. Ukilifungua, mwali huwa wa buluu nao huwa mkali. Jiko la nyumbani hufuata kanuni ile ile. Uji ukifurika ukaziba vitundu, au vumbi likiziba njia ya hewa, mwali hugeuka manjano na sufuria huwa nyeusi. Hapo watu huyalaumu makampuni ya gesi. Lakini jambo kubwa si masizi. Gesi isiyoungua sawasawa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliofunga madirisha. Basi jiko likiisha poa, ondoa vile vifuniko vya duara, vioshe kwa sabuni, zibua kila kitundu kwa sindano, vikaushe vizuri na kuvirudisha. Mpira wa gesi uuangalie kama una nyufa. Ukitaka kujua kama unavuja, upake maji ya sabuni utazame mapovu. Usiwashe kiberiti kamwe. Tena kumbuka kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujikusanya chini sakafuni, na dirisha la juu peke yake halitoshi kuitoa, fungua mlango.

Jokofu halifanyi baridi, kama watu wasemavyo. Huchukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Katika majokofu mengi joto hilo hutokea kwenye mabomba membamba yaliyo nyuma. Mabomba hayo yakivaa vumbi na mafuta ya jikoni, au jokofu likibanwa ukutani, joto halina njia, na mtambo hufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Basi lichomoe, pangusa vumbi kwa brashi, uliache mbali kidogo na ukuta. Ule mpira wa mlangoni uoshe kwa maji ya sabuni. Kisha bana kipande cha karatasi mlangoni. Kikichomoka bila kushikwa, mpira umelegea na baridi inatoka. Barafu ikiwa nene, lichomoe uache iyeyuke yenyewe. Asithubutu mtu kuibandua kwa kisu! Kisu kikitoboa bomba, gesi yote hutoka, na katika majokofu mengi mapya gesi hiyo huwaka moto. Majokofu mangapi yamekuwa makabati kwa sababu ya kisu cha kumenyea viazi!

Mashine ya kufulia huharibiwa na mambo mawili: sabuni nyingi na mifuko isiyotazamwa. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono hutoa povu jingi sana, na povu likizidi ndani ya mashine nguo hazisuguki vizuri, na mabaki yake huganda katika mabomba. Mifukoni nako huingia sarafu, vifungo na misumari, vikaenda mpaka kwenye pampu. Mashine nyingi zifunguliwazo mbele zina kijimlango chini, na ndani yake mna chujio. Chomoa mashine, weka sinia na tambara kwa ajili ya maji yatakayomwagika, fungua polepole, usafishe. Baada ya kufua, pangusa mpira wa mlangoni, na mlango uache wazi kidogo ukauke, ila watoto wadogo wasichezee hapo. Mashine inukayo kuvu haiwezi kutoa nguo safi.

Onyo moja halina budi kusemwa. Msichanganye kamwe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe na siki, ati ili usafi uwe maradufu. Hutoka gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuwaua askari huko Ypres mwaka 1915. Suuza dawa moja kabisa kabla ya kushika nyingine. Na kila chombo cha umeme kichomolewe kwanza. Volti 240 hazimjui mwana wala mgeni.

Najua nitapingwa. Mmoja atasema, "Hizo ni kazi za wanawake." Namwuliza: gari la baba likitaka mafuta, nani huinama chini yake? Mbona mashine yenye magurudumu huwa ya kiume, na yenye sabuni huwa ya kike? Anayekula chakula kilichohifadhiwa katika jokofu na kuvaa shati lililofuliwa na mashine, basi vyombo hivyo vyamhusu.

Mwingine atasema, "Mtumishi yupo." Ndiyo, yupo, lakini nani alimfundisha? Binti huletwa kutoka kijijini, huonyeshwa kitufe kimoja cha kuwashia, na siku chombo kikifa hulaumiwa yeye, pengine hukatwa mshahara. Huo ni udhalimu. Mwenye nyumba asiyefundisha hana haki ya kukaripia.

Wa tatu atasema, "Vitu vya siku hizi hutengenezwa ili vife upesi." Huyu simpingi sana. Ni kweli viko vyombo vilivyogandishwa kwa gundi, hata fundi hawezi kuvifungua, na vingine vipuri vyake havipatikani. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuvitunza zaidi. Kisichotengenezeka kikiharibika, chataka kulindwa kisiharibike. Hatukukaa sisi kiwandani, lakini vumbi lililo nyuma ya jokofu ni letu.

Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, nyaya za umeme zimekuwa zikisogea nyumba baada ya nyumba. Umeme ukifika, vyombo hufuata. Swali ni kama maarifa yatafuata pia, au tutaendelea kununua makabati ya bei ghali.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, kila mwanafunzi achague Jumamosi moja ya likizo, achukue chombo kimoja cha nyumbani akisafishe mbele ya mama yake, akieleza kila hatua, si kwa kujigamba bali kwa heshima, maana mama ndiye ajuaye chombo hicho kilianza kulia lini. Pili, walimu wetu wa sayansi waruhusu birika lenye ukoko na jiko lenye mwali wa manjano viletwe maabarani, tujifunze navyo. Tatu, ninyi ndugu zetu mliotutangulia, mkimnunulia mzazi chombo, kaeni naye nusu siku. Andikeni maelezo kwa lugha anayoisoma, kwa herufi kubwa, mbandike ukutani. Kama hasomi, mwonyesheni mdogo wenu anayebaki naye. Na mtakapopiga simu kuuliza habari za nyumbani, baada ya kuuliza ng'ombe wazima na shamba limeota, ulizeni pia: "Mama, mpira wa gesi mmeutazama?"

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siki ni shilingi chache, na brashi ya vumbi hata bei haina, kwa kuwa ya zamani yafaa. Lakini jokofu jipya ni mishahara ya miezi kadhaa, na mgongo wa mama haununuliwi dukani. Tulimletea mashine ili apumzike. Tusipoitunza, tumemwongezea tu kitu cha kufutia vumbi.