Matokeo Yakitoka, Tuache Kuuliza "Kapata Ngapi?"

Kila mwaka ikifika Julai na Baraza la Mitihani likatoa matokeo ya kidato cha sita, simu huanza kuita kabla mtoto mwenyewe hajafanikiwa kufungua tovuti. Shangazi yuko Mbeya, anataka kujua. Jirani ambaye hajawahi kuchangia hata kalamu, naye anataka kujua. Swali ni lilelile: "Kapata ngapi?" Ikiwa ni one ya saba, yaani daraja la kwanza la pointi saba, vigelegele. Ikiwa ni three au four, kunapita kimya kidogo kwenye simu, kisha: "Haya, Mungu atasaidia." Ni sauti ileile tunayotolea pole msibani.

Natoa wito kwa Watanzania wenzangu: wiki mbili za kwanza baada ya matokeo tusizifanye matanga. Tuzifanye wiki za kazi, na kazi hiyo tuifanye mtaa mzima, maana aibu anayoibeba mtoto huyu ni sisi wote tuliompa.

Tazameni jinsi muda unavyopotea. Matokeo yakishatoka, dirisha la udahili wa vyuo vikuu linafunguliwa na lina tarehe ya kufungwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao una tarehe yake. Wakati huo, katika nyumba nyingi, baba hasemi na mtu, mama analia jikoni, na mtoto kajifungia chumbani. Kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), ambacho kimeorodhesha kozi na sifa za kila chuo, hakuna aliyekifungua.

Na mara nyingi wanaomboleza kisichokufa. Chukueni mtoto mwenye three ya kumi na tatu: D, D na E. Nyumbani wanasema amefeli. Lakini kiwango cha chini cha kuomba shahada ni masomo mawili makuu yenye jumla ya alama nne, na kwa hesabu ya udahili D moja ni alama mbili. Huyo mtoto ana sifa ya kuomba chuo kikuu. Si kila kozi atapata, na kozi zinazogombewa zitamkataa, ila mlango uko wazi. Aliye chini ya hapo bado ana cheti chake cha kidato cha nne, na kozi nyingi za stashahada huombwa kwa cheti hicho. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi kwa ajili ya waliokosa sifa za kuingia moja kwa moja. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipo. Hata utabibu una njia ya kuzunguka: mtu husoma stashahada, akafanya kazi zahanati, na akikidhi vigezo akaomba shahada ya udaktari (MD). Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea nako ni njia halali, mradi aamue mwenyewe na si kwa kufokewa.

Hapa ndipo linapokuja jambo letu la pili, wazazi. Nendeni kwenye steshenari yoyote msimu wa maombi, mketi nusu saa. Mtamwona mzee kasimama nyuma ya kijana wa kompyuta, miwani puani, anaamuru: "Weka MD. Chaguo la pili? Weka MD, chuo kingine." Binti mwenye matokeo yuko kwenye benchi la nje, anachezea kamba ya mkoba. Kijana wa kompyuta anauliza, "Na yeye mwenyewe anataka nini?" Mzee anajibu kwamba yeye ndiye anayelipa.

Sitaki kumbeza mzee huyo. Alikua wakati ambao mhitimu wa chuo kikuu alipangiwa kituo cha kazi na serikali, na daktari, mhandisi au mwanasheria mmoja aliinua ukoo mzima. Ameuza shamba, pengine, ili binti asome fizikia, kemia na biolojia (PCB). Lakini mpango ule wa ajira ulikwisha miaka ya 1990, na leo wapo wahitimu wa udaktari wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira. Tunawasukuma watoto kwa ramani ya zamani. Mwaka 2024 serikali yenyewe ilipanua tahasusi (michanganyiko ya masomo) za kidato cha tano hadi 65. Sisi nyumbani bado tunazijua tatu.

Baraza la Mitihani nalo limeshapiga hatua. Lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Tuliobaki na orodha ni sisi: mabango ya shule barabarani, makundi ya WhatsApp ya ukoo, hata matangazo baada ya ibada. Na kama kuna anayedhani ile namba imeandikwa kwenye jiwe, akumbuke matokeo ya kidato cha nne ya 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipewa sifuri. Serikali ikaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, na kufikia Mei 2013 maelfu waliokuwa na sifuri walikuwa na daraja la nne, bila kuandika neno moja zaidi kwenye karatasi zao. Walikuwa watu walewale.

Basi naomba hivi. Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, wekeni sharti kuwa hakuna kurusha namba ya mtihani wala matokeo ya mtoto wa mtu. Wakuu wa shule, mkitundika bango la walioingia daraja la kwanza, waiteni pia wa daraja la tatu na la nne ofisini, mwalimu akae nao na mwongozo wa TCU mkononi. Mashehe na wachungaji, semeni na wazazi wiki moja kabla ya matokeo, msingoje baada. Ndugu na majirani, anzeni na "Unaendeleaje?" na mkimwona kijana haongei, hali chakula, au anagawa vitu vyake, msimwache peke yake hata usiku mmoja, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kisha mpelekeni kituo cha afya. Kwa walio chini ya miaka 18, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Na kila serikali ya mtaa itenge Jumamosi mbili za mwanzo baada ya matokeo. Vijana waje na wazazi wao ofisini kwa mtendaji. Muuguzi wa mtaa aje, fundi umeme aliyetoka VETA aje, mwanafunzi aliyeingia chuo kwa stashahada aje aeleze alivyopita na alilipa ada kiasi gani. Mwenye kompyuta mpakato aje nayo, mwenye bando awashe simu. Kila fomu ijazwe na kijana mwenyewe akiwa ameketi kwenye kiti, na mzazi akae pembeni yake. Mtendaji wako hajasikia habari hii? Mfuate Jumatatu, uende na majirani wawili.