Watalii wa kitajiri Rufiji: Tusiige Okavango nusu nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo sisi wakazi wa delta ya Rufiji tunalisikia mara kwa mara, nalo ni kwamba delta yetu ifanywe kama ile ya Okavango iliyoko Botswana: wageni wachache wenye fedha nyingi, kambi za kifahari, na ndege ndogo za kuwaleta na kuwachukua.

Hivi majuzi walifika kijijini kwetu wageni wawili na ramani yao. Walikuwa watu wa adabu, hilo sina budi kulisema. Walikaa na wazee chini ya mwembe, wakaonyesha mahali ambapo kambi ingejengwa na vijito ambavyo mitumbwi ya watalii ingepita. Mzee mmoja akawauliza, "Na siku za bamvua je?" Wakatazamana. Hawakujua kwamba mahali pale, penye rangi nzuri ya kijani kwenye ramani, hufunikwa na maji ya bahari kila bamvua kubwa linapojaa. Wazee walicheka sana. Mimi sikucheka, maana kijito walichokionyesha kwa kidole ndicho ambacho akina mama wa kijiji chetu hutega kamba, na ndicho wanafunzi wangu hupitia kwa mtumbwi kuja shuleni.

Kwa kuwa jina la Okavango lilitajwa mara nyingi siku ile, na kwa kuwa jiografia ni somo ninalofundisha, naona si vibaya wasomaji wakaelezwa delta ile ikoje.

Mto Okavango huanzia nyanda za juu za Angola, hukatiza ukanda mwembamba wa Namibia, kisha huingia Botswana na kutawanyika kama vidole vya mkono juu ya mchanga wa Kalahari. Haufiki baharini. Sehemu kubwa ya maji yake hunyonywa na mimea na kukaushwa na jua. Nilipowaeleza hayo wanafunzi wangu hawakuniamini, na mmoja akauliza kama mto haufiki baharini basi kamba wake wanatoka wapi. Nilimjibu kwamba hauna kamba kama hawa wetu, akauonea huruma.

La ajabu zaidi ni mwendo wa maji yenyewe. Mvua hunyesha Angola kati ya Novemba na Machi, lakini ardhi ya delta ni tambarare mno, hivyo maji hujivuta kwa miezi, na mafuriko hufikia kilele kati ya Juni na Agosti, wakati Botswana yenyewe imo katika kiangazi. Nchi yote imekauka, delta imejaa, na wanyama huifuata. Ndiyo maana mtu anayepanga safari ya kule huanza na kalenda kabla ya kuuliza habari za kitanda. Akitaka kusukumwa kwa pondo ndani ya mtumbwi wao uitwao mokoro, huchagua miezi ya maji mengi. Akitaka kuona tembo na simba wakibanana kwenye maji yaliyobaki, hungoja Septemba na Oktoba na kuvumilia joto. Hutua mji wa Maun, akapanda ndege ndogo, na mara nyingi huambiwa mzigo wake usizidi kilo 20 tena uwe katika mfuko laini, kwa sababu masanduku hayaingii. Kambi nyingi zina mahema machache tu, na katika zile za daraja la juu mgeni mmoja hulipa zaidi ya dola 1,000 kwa usiku mmoja katika msimu wa wageni wengi. Sitalinganisha fedha hizo na mshahara wa mwalimu, maana barua hii si ya mishahara.

Sera hiyo ya wageni wachache wenye fedha nyingi Botswana iliipitisha mwaka 1990, na delta yao, yenye zaidi ya hekta milioni 2, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014. Wanaotuhimiza tuige hutaja hayo na kuishia hapo.

Hawatutajii mwaka 1963. Mwaka huo, miaka mitatu kabla Botswana haijapata uhuru, watu wa kabila la Batawana wenye ardhi ile waliona uwindaji unamaliza wanyama wao. Wakiongozwa na Mama Elizabeth Pulane Moremi, aliyekuwa akishika utawala baada ya kufariki mumewe, Mtemi Moremi wa Tatu, walitenga wenyewe sehemu ya delta kuwa hifadhi, na mpaka leo inaitwa Moremi. Baadaye vijiji kama Khwai na Sankuyo viliunda mashirika ya wanakijiji yenye haki ya kutumia wanyama wa maeneo yao, na kampuni ya utalii ikitaka kufanya kazi pale hupatana na kijiji na kukilipa.

Wala nisieleweke kwamba huko ni peponi. Watu wa Khwai waliondolewa ndani ya hifadhi ya Moremi ilipoanzishwa, ingawa walikuwa wakiishi humo kwa kuwinda na kukusanya matunda ya pori. Tembo wa Botswana ni zaidi ya laki moja, na mkulima wa kandokando ya delta hulala na ngoma akilinda mtama wake. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji Januari 2014, vijiji vilivyokuwa vikipata fedha na nyama kutokana na uwindaji vilipungukiwa sana, kwa maana si kila pori linavutia mwenye kamera. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2019. Tena wageni wengi huilipia safari wakiwa kwao Ulaya na Marekani, na fedha iliyolipwa kule si yote inayopanda ndege kuja Maun.

Sasa tutazame kwetu. Sisi si watu wageni wa mipango. Wazazi wetu walihamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya ujamaa baada ya mafuriko ya mwaka 1968. Walipata shule na zahanati, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki kule chini, wakawa wanarudi kulima na kulala kwenye madungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaja mradi mkubwa wa kufuga kamba, ambao ungechukua maelfu ya hekta za delta. Wananchi walikwenda mahakamani, na mradi ule haukufanyika. Kwa hiyo mgeni akifungua ramani hapa kwetu, wazee huangalia kwanza mahali ambapo majina ya vijiji hayakuandikwa.

Na maji yetu pia yana ratiba yake. Mto ukifurika wakati wa masika huacha tope, na maji yakishuka tunapanda mahindi na mboga juu ya unyevu. Kilimo hicho tunakiita mlau. Nimesoma kwamba kandokando ya Okavango wanalima vivyo hivyo, wao wanasema molapo. Baadaye upande wa baharini kuna kujaa na kupwa, kuna bamvua na maji mafu, na kila mvuvi anajua siku ya kutega. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, ni la megawati 2,115, na nchi inauhitaji umeme huo, silipingi. Lakini mto ulio na bwawa hauna tena kalenda ileile ya babu zetu, na Aprili 2024 tuliona jinsi maji yalivyoingia majumbani na mashambani. Anayepanga kambi ya miaka thelathini katika delta hii anapaswa kuuliza maji yatafunguliwa lini na kwa kiasi gani, na jibu hilo litolewe kwa mkulima wa mlau vilevile, asije akawa mtalii ndiye wa kwanza kujulishwa. Angola, Namibia na Botswana ni nchi tatu, na mwaka 1994 ziliunda tume moja ya kuzungumzia maji ya Okavango. Rufiji yote ni ya nchi moja.

Mimi siukatai utalii. Napenda sana mtoto niliyemfundisha kusoma aajiriwe kuwa mwongoza wageni, awataje ndege wa mikokoni kwa majina matatu, la Kirufiji, la Kiswahili na la kigeni. Ninachokataa ni kuchukua hema na ndege ndogo za Okavango na kuacha mkataba wa kijiji. Mkataba huo usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, useme kodi ni kiasi gani na inalipwa wapi, useme kijito gani kitabaki wazi kwa wavuvi na kwa watoto wa shule mwaka mzima. Na useme juu ya mamba na viboko. Mwenye kambi akiwataka wanyama hao waongezeke ili wageni wapige picha, basi kifuta jasho cha shamba lililoliwa na kifuta machozi cha familia iliyofiwa visingojewe kutoka serikalini peke yake.

Wale wageni wawili walisema watarudi. Nawaomba kupitia gazeti hili wachague siku ya bamvua, waje na ramani yao ileile. Mtumbwi tutawatafutia, na pondo atashika mwanafunzi wangu wa darasa la sita, ambaye hupita pale kila asubuhi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Delta ya Rufiji,
Mkoa wa Pwani.